Uzi Mwekundu

Irek, usiniletee tufani nyumbani.
Nimekusoma tangu Jumanne: karatasi ya bei
umeikunja ikawa ndogo kama tiketi ya tramu,
ukaichomeka nyuma ya kopo la sukari
ukidhani sukari siigusi siku hizi.
Lita elfu kumi na tano kwa saa!
Tangi letu, mume wangu, ni la lita mia mbili na themanini,
limebanwa kati ya redieta na kabati la vyombo vya mama yako,
ghorofa ya nne, hapa Łódź, mwezi wa Februari,
na theluji imeganda dirishani kama gundi.

Pampu ile ya kwanza naikumbuka.
Uliiwasha, mchanga ukapaa,
samaki wawili wa rangi ya chungwa wakabandikwa kiooni kama stempu,
na tumbawe la kijani nililolilea miezi saba
likachunwa nyama upande mmoja, likabaki mfupa.
Ukasema, "Baharini mawimbi ni makali zaidi."
Bahari gani, Irek? Ustka tumekwenda mara mbili,
na mara zote mbili ulikataa maji kupita magoti.

Lakini unyonge nao ni kifo, hilo nakubali.
Maji yakilala huoza.
Nyuma ya jiwe kubwa, pembe ya kushoto,
uchafu umejipangia chumba,
utando mwekundu umejitandikia busati.
Tumbawe halina miguu ya kufuata chakula;
pumzi, mlo, hata kunawishwa uso,
vyote liletewe mlangoni.
Ndivyo alivyokuwa mama yako miaka ile mitatu,
wewe asubuhi, mimi usiku.
Nani alituuliza nguvu ya injini?
Tulikuja kwa zamu. Basi.

Sasa njoo uone. Jana ukiwa karakana
nilikata uzi wa sufu, ule wa soksi zako,
nikafunga vipande kumi na viwili kwenye vijiti vya mishikaki,
nikavichomeka mchangani huku na huku.
Usicheke. Tazama.
Huu wa mbele umenyooka kama mkono wa askari wa trafiki.
Wa katikati unacheza, safi.
Huu, na huu, na ule wa pembeni
unaning'inia kimya kama simu ya Gniewko.

Nataka mbili. Ndogo. Zenye midomo mipana,
si ule mdomo wa bomba la zimamoto.
Moja ukuta huu, moja ule, zitazamane,
mikondo igongane katikati ivunjike,
na kila baada ya muda moja inyamaze, mwenzake aseme.
Ziwe na kizimba, maana konokono wetu hana akili.
Ziwe kimya: Bi Kwaśnik hulala mchana,
na ngumi yake ukutani unaijua.
Na waya, tafadhali, uning'inie chini ya soketi kwanza
ndipo upande, tone lidondoke sakafuni,
si kwenye umeme.

Hukujibu. Miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza tramu
imekufundisha kunyamaza mbele ya kitu kinachosonga vibaya.
Ulikunja mkono wa shati,
ukazamisha kiganja hadi kiwiko,
ukahamisha uzi mmoja, vidole viwili tu kuelekea kulia.
"Hapa," ukasema. "Hapa ndipo panapodanganya."
Ukaenda kutafuta taulo.

Jumamosi ulirudi na theluji mabegani.
Tukabana sumaku, tukapunguza, tukageuza,
ukanikanyaga, nikakutukana kwa mapenzi.
Ukawasha ya kulia.
Halafu ya kushoto.
Uzi wa pembeni ulitetemeka kidogo,
ukasita kama mtu aliyeitwa jina usingizini,
ukainuka.

Na lile boksi la tatu, refu,
ulilolisukuma chini ya kitanda
ukidhani chini ya kitanda sifagii siku hizi,
liache hapohapo.
Soksi zako zitakuwa za kijivu.